Safari ya Nyumbu Isiwe Starehe ya Wageni Peke Yao

Kila mwaka, mara masika yanapokatika kaskazini mwa nchi yetu, shughuli za jiji la Arusha hubadilika. Alfajiri, kabla mawingu hayajauacha Mlima Meru, magari yenye paa la kufunguka hupakiwa mahema, maji na vyakula. Watu sita au saba hupanda, wengi wao wakiwa wametoka Ulaya na Marekani. Dereva, ambaye pia ndiye mwongozaji, hushika usukani. Na msafara huelekea Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu na Ngorongoro, kwenda kuwafuata nyumbu wa Serengeti. Safari hizi za makundi madogo zimekuwa bidhaa inayosifiwa sana katika biashara ya utalii. Mgeni huahidiwa kwamba hatasongwa na umati, atakuwa na nafasi ya kuuliza na kujibiwa, na ataishi porini kwa siku kadhaa kama mtu anayejua anachokitazama.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hapana shaka tumeitimiza. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5 kutoka nje. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege vya dunia, idadi hiyo ilianguka hadi laki sita na ushei. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliitangaza nchi kwa filamu ya Royal Tour, ambayo ilizinduliwa New York na kisha Arusha katika mwezi huo huo wa Aprili. Na kufikia mwaka 2024 wageni walikuwa wamezidi milioni 2. Wageni, basi, wamekuja. Swali la makala haya linahusu sehemu ya pili ya methali: je, mwenyeji amepona?

Hapana budi kwanza tukubaliane mwenyeji ni nani. Mwenyeji si mwenye kampuni peke yake. Mwenyeji ni mwongozaji anayelala ndani ya gari ili mgeni alale hemani. Ni mpishi wa kambi. Ni mkulima wa Poli na Nkoaranga ambaye mboga zake hupitia soko la Tengeru hadi meza ya hoteli. Ni mfugaji wa Loliondo. Na ni mwalimu wa shule ya msingi ya Arusha, anayewafundisha watoto kwamba Serengeti ni fahari ya taifa, ilhali yeye mwenyewe hajapata kuiona hata siku moja. Ikiwa hawa hawamo katika hesabu, basi tunachokiita mafanikio ya utalii ni mafanikio ya wachache.

Yafaa tueleze safari ya nyumbu yenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunaisikia kwa jina tu. Baina ya Januari na Machi makundi makubwa hukaa katika mbuga za kusini, pande za Ndutu na mpaka wa Ngorongoro. Majani ya huko ni mafupi, lakini yana madini mengi ya chokaa na fosforasi, kwa sababu udongo wake umetokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro na majirani zake. Mama anayenyonyesha huyahitaji madini hayo, ndiyo maana nyumbu huzaa huko. Mwezi Februari, ndani ya majuma mawili au matatu tu, ndama wengi wa mwaka huo huzaliwa karibu kwa pamoja. Hukadiriwa kuwa laki nne au zaidi. Simba na fisi hula wengi, lakini hawawezi kuwala wote kwa mara moja, na ndama husimama kwa miguu yake dakika chache baada ya kuzaliwa. Mvua zinapokatika mwezi Mei, mbuga hizo hukauka, na makundi huelekea magharibi na kaskazini hadi mto Grumeti. Kuanzia Julai hadi Oktoba huwa kaskazini kabisa, wakivuka na kuvuka tena mto Mara, wakiingia Kenya na kurudi. Vuli inapoanza mwezi Novemba, hushika njia ya kusini, na duru huanza upya.

Mto Mara ndio unaowaokoa wakati wa kiangazi. Chanzo chake ni misitu ya Mau nchini Kenya, na maji yake huishia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Kwa hiyo msitu ukifyekwa Mau, nyumbu wa Tanzania hupungukiwa maji. Nyumbu hajui mpaka wa nchi wala mpaka wa hifadhi. Anajua mvua na majani. Ni sisi wanadamu tulioweka mipaka, na ni sisi tunaopaswa kuelewana juu yake.

Baadhi ya vitabu vya wageni huisimulia Serengeti kana kwamba ni bustani iliyojitunza yenyewe tangu siku ya kuumbwa, na kwamba Mwafrika ni mtu aliyekuja baadaye kuiharibu. Historia inakataa. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka, ulioletwa Afrika kutoka nje pamoja na mifugo, uliteketeza ng'ombe wa wafugaji wetu na kuwaua nyumbu pia. Sotoka ilikaa Serengeti kwa miongo kadhaa, ikiwaua ndama kila mwaka. Hesabu iliyofanywa mwaka 1961 ilionyesha nyumbu wa Serengeti kuwa laki mbili na ushei tu. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamezidi milioni moja. Ni nini kilichotokea katikati? Ng'ombe walichanjwa. Chanjo mpya ya sotoka ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright, katika taasisi ya utafiti wa mifugo iliyokuwa ya Afrika Mashariki nzima. Mabwana mifugo walikwenda maboma kwa maboma, na wafugaji wakaleta ng'ombe wao wadungwe sindano. Ugonjwa ulipotoweka kwa ng'ombe ukatoweka kwa nyumbu, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kuwa imekwisha duniani kote.

Maana ya jambo hili ni kubwa. Makundi yale ambayo mgeni huyalipia maelfu ya dola ili ayaone si kazi ya asili peke yake. Yametokana pia na kazi ya bwana mifugo, ambaye alikuwa mtumishi wa serikali kama wewe, ndugu msomaji, na utii wa mfugaji aliyekubali kuwapeleka ng'ombe wake kwenye josho na kwenye chanjo. Yeyote anayesema kwamba wananchi hawana mchango katika Serengeti hajui historia ya Serengeti.

Kuna deni jingine ambalo watu wa mkoa wa Arusha wanalijua zaidi kuliko wengine. Mwaka 1951 wakulima na wafugaji wa Kimeru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, kaskazini mwa Mlima Meru, nyumba zao zikachomwa ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai haki ya watu wake. Miaka michache baadaye, mwaka 1959, mipaka ya Hifadhi ya Serengeti ilibadilishwa, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani yake wakahamia upande wa Ngorongoro. Mambo haya mawili hayafanani: la kwanza lilikuwa wizi wa ardhi kwa ajili ya walowezi, na la pili lilifanywa kwa jina la hifadhi. Lakini yanafanana katika jambo moja: uamuzi ulifanywa na serikali ya kikoloni, na mwenye ardhi aliitwa kuja kusikiliza, si kuja kuamua.

Uhuru ulikuja kubadili jambo hilo. Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya bendera yetu kupandishwa, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko mjini Arusha juu ya wanyamapori. Alisema kwamba kuwatunza ni jambo linalotuhusu sote, kwamba wao ni amana tuliyokabidhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo, na kwamba tungehitaji msaada wa ujuzi na fedha kutoka mataifa mengine. Miaka sita baadaye, mwaka 1967, katika mji huo huo, Chama kilitangaza Azimio la Arusha, ambalo lilisema kwamba fedha za kuombaomba haziwezi kuwa msingi wa maendeleo yetu, na kwamba utajiri wa nchi ni mali ya wananchi wote. Matamko haya mawili yapasa yasomwe kwa pamoja. La kwanza linasema tutunze. La pili linasema kwa faida ya nani. Anayeshika la kwanza na kuliacha la pili hufanya hifadhi kuwa ufalme wa wageni. Anayeshika la pili na kuliacha la kwanza atawaachia watoto wake uwanja mtupu.

Mjadala huu si mpya. Mwaka 1970 vijana wasomi na viongozi walibishana vikali katika magazeti ya nchi hii: je, utalii unafaa katika nchi inayojenga ujamaa? Wengine walisema utalii huleta fedha za kigeni ambazo viwanda vyetu vinazihitaji. Wengine walionya kwamba utalii humfanya mwananchi kuwa mtumwa wa tabasamu, anayeinama mlangoni ili apewe sarafu. Issa Shivji aliyakusanya mabishano hayo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1973. Serikali, kwa upande wake, ilichagua njia ya kati: ikajenga hoteli za umma Lobo, Seronera, Ngorongoro na Manyara kupitia Shirika la Utalii, na mwaka 1971 Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro ukafunguliwa ili mgeni aingie nchini bila kupitia Nairobi.

Mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Mojawapo ya malalamiko yetu lilikuwa la haki: magari yalitoka Nairobi, yakaingia Serengeti kwa siku mbili, yakarudi na fedha zote Nairobi, na kutuachia vumbi na ada ndogo ya lango. Mpaka ulikaa umefungwa hadi mwishoni mwa mwaka 1983. Je, tulijifunza nini? Tulijifunza kwamba nchi inaweza kukataa kunyonywa. Lakini tulijifunza pia kwamba kufunga lango hakutoshi. Watalii wa kaskazini walipungua, vyumba vya hoteli zetu vikakaa vitupu, na hatukuwa bado na waongozaji, mafundi na mawakala wa kutosha wa kujaza pengo lililoachwa. Leo Jumuiya imefufuka, makao yake makuu yako Arusha, na magari mengi yanayowafuata nyumbu upande wetu huanzia safari Arusha. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, gari kuanzia Arusha si sawa na faida kubaki Arusha.

Sasa turudi kwenye makundi madogo. Sifa zake ni za kweli. Mwongozaji mwenye watu sita anaweza kuwafundisha. Mwenye watu arobaini anaweza kuwahesabu tu. Kundi dogo huhitaji kambi ndogo, na mgeni wake aghalabu hukaa siku nyingi zaidi. Lakini kuna hila ya hesabu ambayo haisemwi katika matangazo. Udogo wa kundi ndani ya gari si udogo wa kundi kando ya mto. Magari hamsini yenye watu sita sita ni watu mia tatu, na ni injini hamsini zilizosimama mahali nyumbu anapotaka kushuka majini. Basi kubwa moja lingelaumiwa na kila mtu. Magari hamsini madogo kila moja hujiona halina hatia.

Mwezi Julai 2025 dunia nzima iliyaona matokeo yake. Video iliyopigwa kaskazini mwa Serengeti, kwenye kivuko cha mto Mara, ilionyesha watalii wameshuka kutoka kwenye magari, wamesimama ukingoni kwa wingi, na nyumbu wakihangaika kutafuta njia. Kanuni za hifadhi zinakataza jambo hilo waziwazi. Shirika la Hifadhi za Taifa, lenye makao yake hapa Arusha, lilijitokeza hadharani na kuahidi hatua dhidi ya waliohusika. Lilifanya vyema. Lakini ni rahisi mno kumwadhibu dereva na kuridhika. Yatupasa tuulize kwa nini dereva, ambaye anaijua kanuni kuliko mgeni wake, aliivunja.

Jibu limo katika methali nyingine: mkono mtupu haulambwi. Wapo waongozaji wengi ambao huajiriwa kwa msimu tu. Mshahara wao ni mdogo, na sehemu kubwa ya riziki yao hutoka katika bakshishi ambayo mgeni hutoa siku ya mwisho. Mgeni aliyesafiri kutoka Chicago au Berlin kwa ajili ya kuona nyumbu wakivuka, na asione, mkono wake huwa mzito. Kwa hiyo mwongozaji husukumwa kukaribia zaidi, kuwahi zaidi, na kufumba macho mgeni anaposhuka. Mfumo wa namna hiyo humweka mlinzi wa kanuni chini ya mfuko wa mvunja kanuni. Hata mtu mwadilifu hutetereka anapowekwa mahali hapo msimu baada ya msimu, huku ada ya shule ya watoto ikimsubiri nyumbani.

Basi lipo jambo la kufanya. Kwanza, kila kivuko kiwe na idadi maalumu ya magari kwa wakati mmoja, na mengine yasubiri mbali, hata kama yaliyomo ni ya makampuni makubwa. Adhabu ya kuvunja kanuni imfikie mwenye leseni, si mwenye usukani tu. Kampuni inayojua kwamba itapoteza kibali chake itawafunza wateja wake kabla hawajapanda ndege. Pili, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake masharti ya kazi kwa maandishi. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya viwanda vya Dar es Salaam peke yake. Maofisa wa kazi waingie katika gereji na nyua za makampuni ya safari, wakague mikataba, na katika mikataba hiyo kiwemo kifungu kinachompa mwongozaji haki ya kumkatalia mgeni bila kuogopa kufukuzwa. Mwongozaji mwenye mkataba ni askari wa pili wa hifadhi. Asiye na mkataba ni kibarua anayeongozwa na wale anaodhaniwa kuwaongoza.

Jambo la tatu ndilo linalowahusu zaidi wasomaji wa ukurasa huu. Wakati umefika kwa walimu na watumishi wa serikali kuifanya safari ya kundi dogo kuwa yao.

Najua watakaocheka. Watasema mwalimu hana fedha za kulipa karo, atatoa wapi fedha za kutazama nyumbu? Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini tuichambue. Ada ya kuingia hifadhini kwa raia hulipwa kwa shilingi, na ni sehemu ndogo sana ya ile anayotozwa mgeni. Kinachomshinda mwananchi ni gari, mafuta na malazi. Na hayo ndiyo hasa yanayogawanyika. Gari ambalo mtu mmoja hawezi kulikodi, watu saba wanaweza. Viko viwanja vya umma vya kupiga kambi ndani ya Serengeti ambavyo havihitaji hoteli. Walimu wana vyama vyao vya akiba na mikopo, ambavyo huwakopesha wanachama kwa mabati, kwa pikipiki na kwa harusi. Chama kama hicho kinaweza kuweka mfuko wa safari ambao kila mwanachama huchangia kidogo kidogo mwaka mzima. Hayo ndiyo tuliyoyaita kujitegemea, na hayahitaji mfadhili.

Tena kalenda iko upande wetu. Shule hufungwa mwezi Juni na mwezi Desemba. Mwezi Juni makundi ya nyumbu aghalabu huwa ukanda wa magharibi, kuelekea Grumeti, na lango la Ndabaka liko kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Mwalimu wa Bunda, wa Magu au wa Mwanza hana haja ya kufika Arusha. Mwezi Desemba makundi huwa yamerejea kusini, na mwalimu wa Arusha au wa Karatu huyafikia kupitia Ngorongoro. Msimu ambao wageni huugombania, wa kuvuka mto Mara, si wetu wa lazima. Wakati wao wanasukumana ukingoni, nyumbu hao hao tutawakuta kwa utulivu katika miezi mingine.

Kwa wanafunzi, mwanzo uko karibu zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko mlangoni mwetu. Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mwaka 1967 Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ukaongezwa ndani yake. Twiga, nyati, mbega na heroe wa maziwa ya Momella wako umbali ambao basi la shule hulifikia asubuhi na kurudi jioni. Hata hivyo, wako wanafunzi wanaomaliza darasa la saba chini ya mlima huo bila kupata kulivuka lango lake. Mtoto huyo akikua, akaambiwa na jangili kwamba nyama ya porini ni mali isiyo na mwenyewe, tutamlaumu kwa kuamini? Hajapata kuambiwa vingine kwa macho yake mwenyewe.

Tuongeze hapa suala la lugha. Utafiti wa Serengeti umefanywa kwa zaidi ya miaka sitini, na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori yenye makao yake Arusha inaendelea nao. Lakini sehemu kubwa ya matunda yake imo katika Kiingereza. Mwongozaji wetu humweleza mgeni kwa Kijerumani au Kifaransa jinsi majivu ya volkano yanavyowalisha ndama. Mwalimu wa Kiswahili hana kijitabu cha kurasa ishirini cha kuwaeleza wanafunzi wake jambo hilo hilo. Kazi hiyo haihitaji mamilioni. Inahitaji mtaalamu mmoja, mwalimu mmoja na mtambo wa kuchapa.

Wako wengine watakaopinga kutoka upande wa pili. Watasema: ukiweka masharti mengi, mtalii atakwenda nchi nyingine. Hofu hiyo imetumika tangu zamani kutetea kila aina ya ulegevu. Ukweli ni kwamba mtalii haji Serengeti kwa sababu ya ulegevu wetu. Anakuja kwa sababu makundi yapo. Siku ambayo makundi hayatakuwapo, tabasamu halitamleta. Mwaka 2010 ulikuwapo mpango wa kupitisha barabara kuu kaskazini mwa Serengeti, na mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoketi hapa Arusha, ikazuia ujenzi wa barabara ya lami ndani ya hifadhi. Haja ya barabara ya wananchi wa Loliondo na Mugumu ni ya kweli na haikufutwa na hukumu hiyo. Lakini watalii hawakukimbia kwa sababu hifadhi ililindwa, waliongezeka.

Zaidi ya hayo, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi tumezoea kusema nyumbu ni milioni moja na laki tatu. Mwaka 2025 watafiti waliotumia picha za setilaiti walichapisha hesabu isiyofika laki sita. Wataalamu bado wanajadiliana juu ya njia hizo mbili za kuhesabu, na si kazi ya mwandishi wa gazeti kuwaamulia. Lakini serikali inayotegemea mali hii haiwezi kupumzika huku hesabu mbili zikitofautiana kiasi hicho. Kuhesabu upya, kwa fedha zetu na wataalamu wetu, ni wajibu wa kwanza wa mwenye mali.

Na katika kuhesabu tusiwasahau watu. Tangu mwaka 2022 familia kadhaa zimehama kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, na manung'uniko yamekuwapo. Desemba 2024 Rais alikutana hapa Arusha na viongozi wa jamii ya Wamasai, akatangaza kuundwa kwa tume za kuchunguza mambo ya ardhi ya Ngorongoro na ya uhamaji huo. Kusikiliza si udhaifu wa serikali. Ndiyo tofauti yake na serikali iliyochoma nyumba Engare Nanyuki. Yeyote mwenye dhamana katika jambo hili, awe ofisa tarafa au mkurugenzi, aipime kazi yake kwa tofauti hiyo.

Ndugu walimu na watumishi wenzangu wa umma, tusibaki kando ya barabara ya Makuyuni tukihesabu magari yanayopita. Wafanyakazi wa shule au ofisi yako wanaweza kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano wao ujao: mfuko wa safari, idadi ya watakaokwenda, na tarehe. Halmashauri zinaweza kuzipa shule za wilaya ya Meru na jiji la Arusha siku moja kila mwaka ndani ya Hifadhi ya Arusha. Maofisa wa kazi wanaweza kuanza ukaguzi wa mikataba kabla ya msimu mwingine wa mto Mara. Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri sheria mpya au msaada kutoka ng'ambo.

Mgeni na aendelee kuja, apokewe kwa heshima, aonyeshwe na afundishwe. Lakini akifika ukingoni mwa mto amkute mwongozaji mwenye mkataba na sauti, na katika gari la jirani awakute walimu saba wa Kitanzania waliokuja kuitazama amana yao.